Alikuja ili Damu Iseme

Violeth, muuguzi wa utafiti, alikuwa akibandika lebo kwenye kichupa cha damu ya mgonjwa wa mwisho, mkulima mzee wa kijiji cha Nkoma mwenye sonona. Watafiti walitaka kujua kama damu huonyesha nani yuko hatarini kujiua.

Mzee alikuwa bado amekandamiza pamba mkononi. "Sasa mayu, damu imesemaje?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Bado, baba. Huenda isiseme lolote. Ndiyo kwanza tunatafuta."

Mzee alishtuka. "Mimi nimekuja iseme yenyewe. Mdomo umenishinda. Jana nimewagawia wadogo zangu ng'ombe wote."

Violeth alimgeukia, lebo imemnata kidoleni.

"Baba, unataka kujiua?"

"Ndiyo."

Violeth aliviweka vichupa kwenye friji; vingesubiri kesho. Akavua glavu, akampigia daktari simu, akasogeza kiti karibu na mzee.

"Hatutoki hapa mpaka daktari afike. Niambie wewe mwenyewe."