Dakika ya Kukaa

Siku mwanangu Rodion alipokimbilia nje ya nchi ili asipelekwe vitani, tulikaa kwanza juu ya sanduku lake la safari, mimi naye, dakika nzima bila neno. Kwetu mtu hasafiri bila kukaa.

Kwa miaka miwili tuliongea kwa programu ya simu ambayo hakuna mtu wa tatu aliyeweza kuisikiliza. Hata hivyo hakunitajia mji alipo. Halafu bunge likapiga marufuku programu hizo, tukabakiwa na jioni moja kabla ya kuhamia ile ya serikali.

"Mama, uliza sasa," alisema. "Kuanzia kesho tutakuwa na wageni mezani."

"Basi waje na keki. Mimi nina kabichi tu."

Alicheka, kisha akasogea karibu na kioo cha simu. "Nikutajie mji? Na mtaa?"

Nilitamani kujua hata dirisha lake linatazama nini. Lakini wiki ile jirani yangu aliitwa na polisi kuhojiwa kuhusu mwanawe, akawaambia yote. Nami sijui kudanganya. Shingo yangu huwa nyekundu.

"Usinitajie," nikasema. "Kaa chini."

"Nimekaa, Mama."

"Kaa vizuri."

Aliegemeza simu ukutani, akakaa juu ya sanduku lilelile. Kamba ya kijani niliyoufungia mpini wake uliovunjika bado ilikuwapo. Tulinyamaza dakika nzima.

Siku hizi tunaongea kila Jumapili kwa programu ya serikali. Namuuliza kama amekula. Anasema amekula.