Sarafu ya Chooni

Bi Somoe, mlinzi wa choo cha sokoni, huziosha sarafu anazolipwa kwa sabuni na majivu, na bado hakuna muuzaji anayezipokea mkononi. Haidari sonara ndiye aliyeanzisha mtindo huo: humwekea kibakuli mlangoni mwa duka lake na kumwambia, "Tupia humo."

Leo, akisugua, aliona chini ya mwaka wa sarafu moja kinyota kidogo ambacho nyingine hazina. Akamwonyesha jirani. Habari ikamfikia Haidari kabla povu halijakauka.

"Bi Somoe, mama yangu," alisema akihema, kiganja wazi. "Hiyo imetoka kiwanda cha sarafu kilichofungwa zamani. Nakupa elfu hamsini. Nipe niishike tu."

"Uishike? Kwa mkono wako huohuo?"

"Laki, basi!"

Bi Somoe aliutazama ule mkono uliomkwepa miaka tisa. Kisha akaitumbukiza sarafu katika ndoo ya maji ya kudekia choo, meusi tii.

"Laki naitaka," alisema, akajikalia kwenye kigoda chake. "Sarafu yako imo humo. Itoe mwenyewe."

Wauzaji wakasogea kutazama. Haidari alitazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kukunja mkono wa kanzu yake nyeupe.