Toleo la Kwanza

"Mjukuu wangu hana mazungumzo mengine ila vitabu vya katuni," Mwalimu Zaituni alimwambia Hatibu, muuza vitabu. "Nianze na mashujaa gani, Kikosi cha Radi au Walinzi Saba?"

"Kikosi cha Radi ni ngumi tu. Walinzi Saba wanagombana kama ndugu, halafu wanaokoana. Anza na hao. Ila toleo la kwanza siuzi, Mwalimu. Nitakuazima."

Alilitoa kwenye droo. Kila ukurasa ulikuwa viraka vitupu, selotepu imegeuka rangi ya chai.

Mwalimu aliikumbuka mikono yake kabla ya kumkumbuka Hatibu akiwa mtoto. Mbele ya darasa la tano, alikichana kitabu chake, akachana tena, na watoto walicheka kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

"Niliviokota vipande kwenye pipa la taka," Hatibu alisema bila hasira. "Kimoja tu sikukiona."

Kilikuwa cha ukurasa wa mwisho. Walinzi sita walikuwa wamemgeukia wa saba, na mahali pake palikuwa na tundu.

"Aliwaambia nini?"

"Mpaka leo sijui, Mwalimu."

Mwalimu alilivuta toleo karibu. Aliushika ukurasa vizuri, na ndani ya lile tundu kikatokea kidole gumba chake.