Kazi Imefutwa

Mashine ya kuchapa ilimalizia karatasi iliyokuwa kinywani mwake, ikanyamaza. Laura aliacha kupanga zile zilizokwisha kutoka, akageukia kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja: Kazi imefutwa na mteja.

Mstari huo aliuandika yeye. Programu yote ilikuwa kazi ya mikono yake: mtu wa upande wa Kabambare anatuma maandishi kwa simu, yanachapwa hapa Kasongo, pikipiki inayapeleka. Kwa vile karatasi zilikuwa zikipotea bure, wiki iliyopita alikuwa ameongeza njia ya kufuta. Uchapaji ukianza, mteja anapata ujumbe. Akijibu sifuri, programu inaiamuru mashine isimame, kisha inamuuliza sababu. Moja, kuna kosa. Mbili, tarehe imebadilika. Tatu, haihitajiki tena.

Hakuna aliyewahi kuitumia. Wa kwanza alikuwa Bruno.

Na kazi ya Bruno ndiyo ile ambayo Laura alikuwa akiichapa bila kutaka kuitazama: tangazo la kilio cha Mwalimu Roger, kaka yake Bruno. Mto Luama ulikuwa umemchukua pamoja na baiskeli yake siku nne zilizopita, na maiti haikuonekana. Huyo Roger ndiye aliyemfundisha Laura hesabu enzi alipokuwa akifundisha Kasongo. Baba yake Laura alipotaka kumtoa shuleni, mwalimu ndiye aliyekwenda nyumbani kwao kumkatalia.

Laura akatazama sababu. Tatu.

"Mama Latifa!"

Mwenye duka, aliyekuwa akipima kitenge upande wa pili, alikuja mbio akidhani mashine imeungua.

"Kuna nini?"

"Mwalimu iko muzima! Bruno amefuta matangazo. Anasema haihitajiki tena."

Mama Latifa alisoma mwenyewe, kidole juu ya kioo. "Pengine wamepata maiti, mwanangu."

"Wangepata maiti, wangeyataka mbio zaidi, Mama. Kilio gani hakiiti watu?"

Mama Latifa alifikiri kidogo, kisha akakaa kitini kama aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi," akasema.

Laura alimpigia Bruno. Simu iliita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena.

"Waache," Mama Latifa akasema. "Mutu ametoka ndani ya maji, kijiji kizima iko inapiga kelele. Atakusikia namna gani?"

Basi Laura akamrekodia ujumbe wa sauti. Alianza na kigelegele, akacheka, akashindwa kumaliza maneno. Alimwomba Bruno amwambie mwalimu kwamba yule mtoto wa dawati la nyuma anamsalimu, na kwamba Jumamosi atapanda pikipiki kwenda kumwona kwa macho yake. Akautuma.

Kisha akachukua yale matangazo thelathini na moja yaliyokwisha kutoka, akaanza kuyachana moja moja. Siku zote nne hakuwa ametoa chozi. Sasa machozi yalitoka yenyewe, yakalowesha picha ya mwalimu mwenye tai nyembamba, naye akachana na kuchana, akicheka.

Simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa Bruno, ameandika.

"Dada Laura, usipige tena, watasikia. Mwalimu hatujamuona. Ile matangazo ilikuwa ya kuitia watu wa kijiji yetu. Wenye bunduki waliingia leo asubuhi. Niko ndani ya shamba ya mihogo, peke yangu. Hakuna tena mutu wa kuita."