Kiti cha Dirishani

Mabruki alitoa shikamoo kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili hakujibiwa. Bi Eustadia alikuwa amempa mgongo, ameketi mkekani kwenye kivuli cha nyumba yake, akimenya karanga. Mikono yake haikusita hata kidogo.

Shikamoo kuachwa hewani si jambo dogo. Tabora hii mtu anaweza kukununia wiki nzima, akakusema mpaka kwa mashemeji, lakini marahaba yako atakupa. Ukinyimwa, ujue umemkosea mwenzio hasa. Mabruki akasimama pale mchangani, kofia mkononi, na moyoni akakiri kwamba amestahili.

Maana ni yeye aliyeanzisha mafunzo ya kuimba na ngoma kule mjini, Ng'ambo, na ni yeye aliyetangaza siku ya kwanza: hapa hachekwi mtu, aje mwenye sauti na asiye nayo. Watu wakampigia makofi, naye akayapokea. Bi Eustadia akaja kutoka huku Ntalikwa, akavua kandambili, akajichagulia nafasi ubavuni mwa ngoma kubwa, kiganja juu ya gogo lake, macho kwenye mdomo wa Mabruki, mwalimu wao. Hakukosea pigo hata moja. Sauti tu ndiyo iliyokwenda njia yake. Wenzake wakipanda, yeye anashuka.

Mwalimu akavumilia, akavumilia. Siku moja, akiwa amewapa waimbaji kisogo ili asikilize vizuri, ulimi ukamponyoka: "Nani huyo anatukorogea wimbo kama mbuzi aliyefungwa juani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, macho yote kwa Bi Eustadia. Naye akacheka pamoja nao. Kicheko kile ndicho kilichomnyima Mabruki usingizi, kwa kuwa alikiona ni cha mtu anayemeza aibu mbele za watu.

Alijaribu kuliziba pengo papo hapo. Alimshika mkono kwa adabu, akamhamishia kwenye kiti kizuri cha dirishani, mbali na kishindo cha ngoma, akamwekea na mto wa kuegemea. Angalau hilo nimelifanya vyema, ndivyo alivyojifariji. Bi Eustadia akakaa pale, akaanza kupoteza hata mapigo, na kesho yake hakuonekana tena.

"Mama," Mabruki aliuambia ule mgongo, "nimekuja kujishtaki mwenyewe. Sheria nimeitunga mimi, na mimi ndiye niliyeivunja. Nimekufananisha na mbuzi, mama, mtu wa rika la mama yangu mzazi. Jumamosi tunaimba mbele ya watu. Usipokuwepo, sitasimama."

Karanga moja ikamdondoka Bi Eustadia. Akaiokota, akaimenya, akaitia kwenye ungo.

Adelina, binti yake, alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji, akasimama kumsikiliza mgeni mpaka mwisho.

"Niombee msamaha, dada," Mabruki alimgeukia. "Hata salamu yangu haitaki."

Adelina akatua ndoo. Akamzunguka mama yake, akamgusa goti, akaonyesha kwa kidole. Bi Eustadia akageuka. Alipomwona Mabruki ameinamisha kichwa, uso wake wote ukafunguka.

"Marahaba, mwalimu," akasema, kabla Mabruki hajafumbua kinywa. "Marahaba, baba. Umefika mpaka huku?"

Mabruki akainua kichwa, akamtazama binti.

"Masikio yalikwisha mwaka juzi, alipougua," Adelina alisema taratibu. "Hapendi watu wajue. Hayo ya mbuzi ndiyo kwanza nayasikia, na ni mimi ninayeyasikia. Yeye atakuwa alicheka kwa kuwa aliona mnacheka."

Mabruki alihisi ametuliwa mzigo wote. Nusura acheke.

"Sasa mbona hakurudi?"

Adelina akamtazama mama yake, aliyekuwa amekwisha kumsogezea mwalimu mkeka.

"Alisema pale kwenye ngoma wimbo ulikuwa unampanda mkononi, anausikia wote. Halafu ukaja wewe, ukamtoa, ukampa kiti."