Faiba Yafika kwa Mwajabu

Siku hizo kila spika ya nyumbani ilipaswa kuungwa kwenye faiba ya intaneti, na kila sauti ilisafishwa mtandaoni kwanza ndipo isikike. Mwajabu, aliyerudi hoi kutoka zamu ya wodini, alimwacha fundi Kisamo amalize kuunga waya, kisha akaomba kusikia rekodi ya marehemu mama yake akiimba wimbo wa kubembeleza.

Sauti ilitoka nyororo, kana kwamba mama amekaa pale sebuleni.

“Umesikia, dada? Hakuna kelele hata chembe.”

“Na yule mtoto aliyekuwa akilia kwenye rekodi?”

“Mfumo umemtoa.”

“Yule ni mimi.”

Kisamo aliinamisha macho. “Rekodi ya awali hufutwa, dada. Tia sahihi hapa kuwa umekubali.”

Mwajabu hakuwa na nguvu za kubishana. Alitia sahihi, akavua viatu, akaketi kumsikiliza mama yake akimbembeleza mtoto asiyekuwepo.