Pumzi ya Kutaja Jina

Katika mji ule, anayeshinda mbio hutaja jina lake mwenyewe mezani, na jina la kwanza kuandikwa ndilo liendalo kwenye mashindano ya mkoa.

Mwanakheri alifika wa kwanza. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kifua kikipanda na kushuka, na ndani yake ikilia filimbi nyembamba. Alifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Jina?" mwandishi aliuliza, kisha akamgeukia Kabula, aliyefika wa pili akihema, lakini sauti anayo. "Wewe je? Jua linatuunguza hapa."

"Mzee, tuliokimbia ni sisi, na mwenye haraka ni wewe?"

Watu walicheka. Kabula akamwekea mwenzake kiganja mgongoni.

"Usivute pumzi tu, dada. Toa kwanza. Iliyomo isipotoka, mpya itaingia wapi? Puliza polepole, kama unapoza uji wa mtoto."

Mwanakheri akapuliza. Kabula naye akapuliza pamoja naye, ingawa hakuwa na haja.

"Kabula, taja lako, mjinga wewe," kaka yake alimwita kutoka nyuma ya kamba.

Hakugeuka. "Tena," alimwambia mwenzake.

Wakapuliza tena, mabega yao yakishuka pamoja. Filimbi ikafifia. Mwandishi akashusha ncha ya kalamu hadi karibu na karatasi, na midomo ya Mwanakheri ikakutana, tayari kwa herufi ya kwanza.